Heko kwa Fundi wa Udi

Pemba mvua ni nyingi, na unyevu ndio adui wa udi, ala ya nyuzi: gundi huachia, uso wa mbao hupinda, shingo hulegea. Heko kwa fundi anayeufungua barazani kwake bila haraka! Tumbo la udi si gogo lililochongwa kama la gambusi. Ni mbavu nyembamba za mbao, kila mmoja umepindwa kwa moto mpaka ukakubali, kisha ukagandishwa kwa mwenzake. Nyuzi kwa kawaida ni 11, jozi 5 na mmoja wa besi peke yake. Vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, cha tangu 1905, tunavisifu kwa waimbaji wao. Mimi, risha ikigusa nyuzi, humkumbuka kwanza aliyeuziba ufa.