Msikiti wa Fakhr al-Din: Picha au Mchoro?

Kwa mtoto wa ukoo wa Hamarweyne aliyezaliwa Minneapolis, Msikiti wa Fakhr al-Din wa Mogadishu, wenye tarehe ya mwaka 667 Hijria (1269), ni picha kabla ya kuwa mahali. Basi tuulize: picha iliyopitia mikono ya nani?

Mfaransa Georges Révoil alipiga picha Mogadishu mwaka 1882 na 1883. Lakini jarida la Paris, Le Tour du Monde, lilipoisimulia safari yake mwaka 1885, lilizitoa kama michoro: wachoraji walizichora upya, mafundi wakazichonga ili zichapwe. Kamera huonesha ukuta pamoja na nyufa zake. Mkono wa mchoraji waweza kunyoosha tao au kuongeza mtu asiyekuwepo.

Révoil astahili shukrani. Aliwahi kabla ya vita vya 1991, vilivyoiteketeza sehemu kubwa ya Shangani. Kosa ni letu, tunaotundika mchoro sebuleni tukauita picha.

Wazee walioswali humo wangalipo Cedar-Riverside. Wakae na wajukuu, waseme: hapa ndivyo, hapa sivyo. Maneno yao yaandikwe nyuma ya kila nakala.