Jinsi ua la miamba ya Usambara lilivyohamia dirishani

Salvia nyekundu ukiipanda mbele ya nyumba huko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hustawi juani bila kubembelezwa. Saintpaulia, ua la milima hiyohiyo, halithubutu. Lakini ndilo lililozagaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na siri yake imo katika jani.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huo. Ulimfikia Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikaotesha miche mingi, ikaichuja hadi zikabaki aina 10, mojawapo Blue Boy.

Hapo palikuwa na kikwazo: miche ya mbegu haifanani na mama.

Jani likaziba pengo hilo. Hukatwa kwa wembe mkali, likaachiwa kikonyo cha sentimita 3 hivi, kisha kikonyo huchomekwa kimshazari kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa hutoa mizizi, halafu vimiche huchipuka kwenye kitako chake, kwa kawaida vikiwa na sura na rangi ya mama. Jani moja huweza kutoa vimiche kadhaa.

Chumba nacho kiliufaa. Porini mmea huu huota kwenye kuvumwani ya mwamba chini ya miti mikubwa, penye mwanga hafifu na udongo kiduchu usiotuamisha maji. Ndiyo maana chunguni unataka udongo mwepesi, mwanga usio wa jua kali na joto la nyuzi 18 hadi 24. Maji ya baridi yakidondokea jani lenye joto huliachia baka. Kwa baridi ya Lushoto ya Juni na Julai, ni heri maji yakae ndani kwanza yapoteze ubaridi.

Baadaye wazalishaji walirudi kwenye spishi za milimani. Saintpaulia shumensis ya Shume, yenye majani madogo, ilitumika kuzalisha aina za vyungu vidogo, S. grotei ya upande wa Amani, yenye mashina marefu, ikazaa zile za kuning'inizwa. Zote mbili hutegemea kivuli cha msitu. Miti iliyo juu ya mwamba ikikatwa, jua na upepo hukausha kuvumwani, na mmea hufa hata kama hakuna aliyeugusa.