Sagar alimtwika Sita uamuzi wa Rama

Ramanand Sagar alikosea, tena si kidogo. Nimeitazama upya Uttar Ramayan yake, ile nyongeza iliyorushwa na Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, baada ya Ramayan kubwa ya 1987 na 1988, na sijaona utetezi wowote wa namna alivyolipanga tukio la Sita kuondoka Ayodhya.

Mnalikumbuka. Minong'ono ya mjini imefika ikulu: malkia alikaa Lanka kwa Ravana aliyemteka, na mfalme kampokea vivyo hivyo. Rama wa Arun Govil anababaika, hana kauli. Ndipo Sita, yaani Deepika Chikhlia, anaposhika hatamu. Yeye ndiye anayemkumbusha mumewe kwamba mfalme ni wa raia kwanza. Yeye ndiye anayeng'ang'ania kwenda msituni, na Rama ndiye wa kumbembeleza abaki. Mke mjamzito, anayefukuzwa bila kosa, amegeuzwa wakili wa anayemfukuza.

Linganisheni na Valmiki, mtunzi wa Ramayana ya Kisanskriti. Katika Uttara Kanda, kitabu cha mwisho cha utenzi wake, Rama anaamua peke yake. Anawaita ndugu zake, anawakataza kumpinga, kisha anamwamuru mmoja wao, Lakshmana, ampeleke Sita ng'ambo ya Ganga na kumwacha huko. Sita alikuwa ameomba kutembelea mashramu ya watawa, kwa hiyo anapanda gari la farasi kwa furaha, amebeba nguo na vito vya kuwazawadia wake za watawa. Lakshmana anajua. Sisi tunajua. Yeye hajui. Kila hatua ya farasi inauma kwa sababu hiyo, na ukweli unatamkwa mtoni tu, wakati hakuna tena wa kumwomba huruma. Mtunzi gani wa tamthilia hutupa mtaji kama huo? Sagar aliutupa. Sita wake anajua yote kabla gurudumu halijazunguka, basi safari inabaki kuwa mandhari na muziki wa Ravindra Jain.

Na kuhusu muziki, wanaonisoma siku zote wajiandae, maana sitaacha kulisema hili: wimbo ukianza kutuamuru tulie, ujue picha imeshindwa kutuliza. Kamera nayo inauvuta uso karibu, inauachia, inauvuta tena. Tamthilia za Kihindi za leo, ambamo kila mkwe akishtuka tunaonyeshwa uso wake mara tatu, zilisomea shule hiyo.

Najua kwa nini alifanya hivyo. Alitaka kumlinda Rama. Alishatumia dawa hiyohiyo kwenye jaribio la moto: Sita aliyetekwa alikuwa kivuli, Sita halisi alikabidhiwa mapema kwa Agni, mungu wa moto, na moto ulikuwa unarudisha amana tu. Pale nilimsamehe, kwa kuwa hakubuni. Jambo hilo limo katika Adhyatma Ramayana, na Tulsidas naye analo. Lakini Tulsidas huyohuyo, alipofika kwenye tukio la kufukuzwa kwa Sita, hakulisimulia kabisa katika Ramcharitmanas. Alilipita. Huo nao ni uungwana wa mtunzi. Sagar alitaka tukio lenyewe, machozi yake na watazamaji wake, ila hakutaka mtu wa kulibeba.

Wajibu ambao kila mtu ameuridhia haumgharimu mtu yeyote. Uzito wa kisa hiki uko kwenye dharma, yaani wajibu, ya mfalme kugongana na mapenzi ya mume, Rama akachagua moja na kuilipia maisha yake yote. Ondoa uchaguzi huo, na viraha, uchungu wa kutengana, inayofuata inakuwa huzuni ya msafiri tu. Bhakti, ibada ya mapenzi kwa Mungu, haikuwahi kuiogopa viraha, wala haikuwahi kumziba mdomo aliyeachwa. Magopi, wachungaji wa kike, katika mashairi ya Surdas wanamshambulia Krishna aliyekwenda zake Mathura, na Uddhava anayeletwa kuwafundisha kutafakari anarudi ameshindwa yeye. Kalidasa, katika Raghuvamsha, anampa Sita ujumbe wa kumtuma Lakshmana, na humo anamtaja Rama kama mfalme, si kama mume. Inatosha kumchoma. Sita wa Sagar hana hata hilo. Anaondoka akiwa amemfariji aliyemtoa.

Aliyelimudu ni Bhavabhuti, karne ya 8. Katika Uttararamacharita wawili hao wanatazama picha za maisha yao zilizochorwa ukutani, Sita anachoka, anasinzia juu ya mkono wa Rama. Mpelelezi Durmukha anaingia na habari ya uvumi. Rama anaamua papo hapo, mwenyewe, mke akiwa usingizini mkononi mwake, na anajilaani kwa uamuzi huo. Katika tendo la tatu yumo msituni kule Panchavati, anazimia kwa kumbukumbu, na Sita asiyeonekana anamzindua kwa kumgusa. Mwishoni Bhavabhuti aliwarudisha pamoja, kinyume cha Valmiki, na simlaumu, kwa kuwa Rama wake alikwisha kulipa.

Kinachoniudhi zaidi ni namna sehemu hii ilivyopatikana. Tamthilia ilikuwa ikomee kwenye kutawazwa kwa Rama. Mwaka 1988 wafagia barabara wa kaskazini mwa India, wengi wao wa jamii inayomheshimu Valmiki kama mtakatifu wao, waligoma wakidai kisa kiendelee. Walimpigania Valmiki, wakaletewa Valmiki aliyenyofolewa kiini.

Mengine yalikwenda vizuri: Lava na Kusha, wana wa Sita, wakiimba barazani, ardhi ikimpokea mama yao, utulivu wa Chikhlia hadi mwisho.

Ramayana inapigwa picha kila kizazi, na atakayeifikia Uttara Kanda ana njia mbili za heshima. Rama atoe amri kwa kinywa chake mwenyewe, au tukio lirukwe kama alivyoliruka Tulsidas. Hii ya Sagar isirudiwe.