Kitufe cha Sauti

Ubora wa redio huanza kujulikana kwenye kitufe cha sauti. Hapa Zinga, ambako upepo wa bahari hula mabati na misumari, bado utazikuta barazani redio kuukuu za National na Philips, nyingine mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kitufe cha redio hizo kina mifereji midogo pembeni, ili hata kidole chenye mafuta ya samaki kisiteleze.

Kizungushe. Kwanza kinalia “tk”, redio imewaka, kisha unakuja uzito mwororo usio na mkwamo. Uzito huo umekusudiwa: mhimili umepakwa grisi nzito, mkono usipitilize.

Ndani mna duara la kaboni lenye miguu mitatu, na ulimi wa chuma unaotambaa juu yake. Ufundi wenyewe uko kwenye hiyo kaboni. Sikio letu lina hesabu zake: ili tusikie sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu ya umeme huhitaji kuongezwa yapata mara kumi. Basi kaboni hupakwa ili umeme upande taratibu mwanzoni, halafu kwa kasi mwishoni. Vitufe vya namna hiyo mara nyingi huandikwa A; B ni vile vinavyopanda sawasawa. Fundi akikosa A akafunga B, redio itaimba, ila ukigusa kidogo tu nyumba nzima imeamka.

Mimi napimia kwenye robo ile ya kwanza ya mzunguko. Kwenye ngoma ya kigodoro nani anajali kitufe? Anayejali ni mzee anayetaka taarifa ya habari alfajiri, wajukuu wamelala chumba hichohicho. Lakini sauti kubwa nayo ina kazi yake: mwaka 1973, Radio Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu walisikiliza kwa vikundi, wameizunguka redio moja. Kitufe kilekile kilitakiwa kifikishe sauti hata kwa aliyekaa nyuma.

Chumvi na vumbi vikiingia, redio hukwaruza. Fundi hudondoshea spiriti, akazungusha kwenda na kurudi huku ameinamisha sikio, mpaka mikwaruzo iishe. Wengi huishia hapo, na kitufe kinarudi kikiwa chepesi, kimelegea, kwa sababu spiriti imeondoka na grisi. Fundi hodari hupaka nyingine kidogo kwenye mhimili, akichunga isiguse kaboni. Huyo mlipe bila kuomba apunguze.

Sabufa nyingi za siku hizi zina kitufe kinachozunguka bila kikomo. Kinapendeza, lakini gizani vidole haviwezi kujua sauti imefika wapi.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua redio ya mtumba, usianze na kung’aa kwake. Zungusha kitufe ikiwa haina betri, usikie uzito. Kisha tia betri, iwashe, ishushe mpaka sauti iwe ya kunong’ona: kama ni ya spika mbili na moja imenyamaza kabla ya mwenzake, rudisha, nenda duka la pili.