Kuufungia Upepo

Bunduki ya upepo ikizeeka haivunjiki; inavuja. Jioni geji inasoma bar 190, bunduki inafungiwa kabatini, asubuhi mshale umeshuka hadi 150 na hakuna aliyegusa kifyatuo. Mwenyewe asiye na subira huijaza tena, na kesho yake tena, mpaka siku moja anaikuta tupu kabisa. Hapo ndipo anapoipeleka kwa fundi, na fundi hahitaji kukumbushwa habari za ufa na ukuta.

Nazungumzia bunduki zinazojazwa upepo kutoka kwenye mtungi wa wapiga mbizi au kwa pampu ya mkono, hasa zile za Kiingereza za miaka ya 1980 na 1990. Daystate ya Staffordshire, kampuni iliyoanza na bunduki za kuwadunga wanyama dawa ya usingizi, ilitoa Huntsman yake, na watengenezaji wengine wakafuata. Nyingi bado ziko kazini, zikiwinda sungura mashambani au kutoboa shabaha za karatasi, na sababu kubwa ninayoiona ni kwamba waliozitengeneza walijua kuwa siku moja zitafunguliwa.

Ndani yake vitu ni vichache. Bomba la chuma chini ya mtutu ndilo ghala la upepo. Nyuma ya bomba kuna vali, na nyuma ya vali nyundo ndogo na springi yake. Ukivuta kifyatuo nyundo inaachiwa, inagonga ncha ya vali, vali inafunguka kwa muda usiofikia kupepesa jicho, upepo unapenya tundu jembamba hadi nyuma ya risasi, kisha shinikizo lililobaki linaifunga vali tena. Mtu mwenye spana chache, bisbisi na mkono mtulivu anaweza kuitandaza yote juu ya taulo mchana mmoja.

Kwanza, lakini, atafute upepo unatokea wapi. Anafanya kama fundi wa pancha mwenye karai lake la maji, ila hapa maji ni ya sabuni na yanapakwa kwa brashi. Utando ukivimba mdomoni mwa mtutu (bunduki haina risasi, hilo halisemwi mara mbili), mwizi ni vali. Povu likitoka pembeni mwa geji au kwenye tundu la kujazia, ni oringi.

Oringi ni pete ya mpira ya bei ya peremende, na maisha ya bunduki nzima yanategemea pete kadhaa za namna hiyo. Iliyochoka unaitambua kwa kidole: imepoteza mviringo wake, upande mmoja umelala bapa. Kabla ya kuigusa, upepo wote utolewe, na utolewe taratibu, kwa sababu mpira wenyewe huwa umekunywa upepo. Ukiuachia ghafla, ule ulio ndani ya mpira unatanuka na kuujaza malengelenge. Pete kuukuu haichokonolewi kwa sindano ya chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wake ni njia mpya ya kuvujia, na njia hiyo haizibwi na pete yoyote utakayonunua. Kijiti cha meno kinatosha. Pete mpya inapakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya kawaida ya mashine hayaruhusiwi kukaribia, maana yakikutana na upepo wa bar 200 unaoingia kwa kasi yanaweza kuwaka.

Vali ina adabu zake. Kichwa chake ni cha plastiki ngumu, kiti chake ni cha shaba, na unywele mmoja uliolala kati yavyo unatosha kumwaga ghala zima kabla ya alfajiri. Wenye pupa hukimbilia msasa. Mimi nasema futa, kagua kwa lenzi, rudisha, jaza, iache usiku mzima: mara nyingi shinikizo lenyewe hukikalisha kichwa kwenye kiti chake vizuri kuliko mkono wa mtu.

Hadi hapa ni kuziba tu. Ufundi hasa unaanza upepo ukishatulia, na sheria imeuchochea kwa namna ambayo sidhani wabunge waliikusudia. England na Wales, bunduki ya upepo ya kawaida haitakiwi kuzidi nguvu ya ratili-futi 12, yaani joule 16 na ushee. Ikizidi, inahesabiwa silaha inayohitaji cheti cha polisi. Basi hakuna sifa ya kutafuta katika nguvu. Kinachobaki kushindaniwa ni usawa, risasi ya ishirini itoke kama ilivyotoka ya kwanza.

Mtu wa nje angedhani upepo ukizidi, kasi nayo inazidi. Sivyo. Upepo ule ule unaoisukuma risasi ndio unaoibana vali isifunguke. Ukijaza kupita kiasi, nyundo inagonga, vali inafunguka kidogo tu, na risasi inatoka kivivu. Shinikizo likishuka vali inalegea na kasi inapanda, inafika kileleni, inatambaa hapo kwa muda, kisha inateremka kwa sababu sasa upepo wenyewe umepungua. Fundi anakaa na kipima kasi chake, anaandika namba moja chini ya nyingine: mita 165 kwa sekunde, 168, 171, 172, 172, 171. Huenda kiwandani walisema bar 200, lakini bunduki hii, kwa springi yake iliyochoka kidogo na vali yake hii, inapenda kuanzia 175. Fundi mzuri humrudishia mwenyewe bunduki pamoja na kikaratasi: anzia hapa, jaza tena ukifika hapa. Fundi mbaya, naye yupo, hutia springi ngumu. Mlio unakuwa mkubwa, upepo unaisha upesi, mteja anatabasamu hadi siku polisi watakapoipima.

Ugomvi huu wa upepo na viziba vyake una zaidi ya karne mbili. Girandoni, fundi wa Tirol, aliwatengenezea wanajeshi wa Austria bunduki ya upepo mnamo 1780, yenye risasi 20 na tangi kwenye kitako, ambalo lilidai mipigo ya pampu ipatayo 1,500 kulijaza. Viziba vyake vilikuwa vya ngozi, na ngozi ikikauka inaachia. Msafara wa Meriwether Lewis na William Clark ulibeba bunduki ya upepo, inayoaminika kuwa ya aina hiyo, kuvuka bara la Marekani. Juni 1805, kwenye makutano ya mito Marias na Missouri, mhunzi wa msafara, John Shields, aliitengeneza upya springi yake kuu. Girandoni anasifiwa vitabuni, na anastahili. Mimi nampenda zaidi Shields, aliyeifufua kazi ya mwingine maelfu ya kilomita kutoka karakana yoyote.

Ipo kazi moja ambayo fundi anaikataa. Pampu ya mkono huingiza unyevu pamoja na upepo, na miaka ikipita unyevu huo unakitafuna chuma kwa ndani. Anamulika tochi ndani ya bomba. Kutu ya juujuu inasamehewa, vishimo havisamehewi. Kwenye bar 200 kila sentimita ya mraba ya bomba inasukumwa kwa nguvu ya kilo 200 na zaidi, na hakuna kuchomelea wala kung'arisha kutakakorudisha unene uliolika. Mwenyewe atalalamika kwamba mbona bado inashika upepo vizuri. Fundi anamwonyesha vishimo, anamwekea mtutu, kitako na vali kwenye boksi, kisha analibana bomba kwenye jiliwa na kulitoboa kwa drili, asije mtu mwingine akalijaza.