Karte ya Cantino na mto wetu

Wengi wetu tulifundishwa kwenye masomo ya msingi kwamba Diogo Cão "alivumbua" mdomo wa mto Kongo mwaka wa 1482. Juzi tuliangalia tena picha ya karte inayoitwa ya Cantino, iliyochorwa Lisbon mwaka wa 1502 na inayotunzwa leo Modena, Italia. Ni kazi nzuri, hatukatai. Pwani ya Afrika imenyooka namna ya kushangaza, sababu mabaharia Wareno walipima njia yao kwa jua na nyota. Lakini karte nayo inasema, na tulitaka kusikia inasema nini.

Tazama magharibi. Ni bendera za mfalme wao na alama za nguzo za mawe, zile padrão walizosimamisha walipofika. Moja iliwekwa kwenye mdomo wa mto, basi mto wenyewe ukaitwa Mto wa Nguzo! Na pale pale ilikuwa Soyo, jimbo la Ufalme wa Kongo, iko na mkubwa wake, Mani Soyo. Wenyeji waliita maji yale nzadi, ni kusema mto tu. Masikio ya Wareno yakageuza nzadi kuwa Zaire. Mwaka wa 1971 sisi wenyewe tukalichukua jina hilo kwa inchi nzima, tena kwa politike ya otantisite, na tukalibeba mpaka 1997. Hapo tumlaumu nani?

Mashariki mambo iko tofauti. Kilwa, Mombasa, Malindi: majina yamebaki. Vasco da Gama, mwaka wa 1498, alikuta kule miji ya biashara, na ilimpasa kuomba rubani Malindi ili avuke mpaka India. Mtu unayemuomba njia, unamuuliza jina.

Kwa maoni yetu kosa kubwa lilikuja nyuma. D'Anville, Mfaransa, mwaka wa 1749 alifuta milima na maziwa ya kubuni akaacha katikati ya Afrika nyeupe. Ule ulikuwa uaminifu wa mwalimu mzuri. Kumbe waliokutana Berlin 1884-1885 walisoma weupe ule kama inchi isiyo na wenyewe.

Karibu na Matadi, kwenye mwamba wa Yelala, maandishi ya Cão na wenzake yapo mpaka leo. Maporomoko yaliwazuia pale. Juu yake, kila kijito kilikuwa na jina.