SAFARI BILA MSAFIRI: UHAKIKI WA FILAMU YA SAFARI 5000

Utangulizi

Filamu iitwayo Safari 5000, iliyoongozwa na Koreyoshi Kurahara, ilitolewa nchini Japani mwaka 1969. Ni miongoni mwa filamu chache za kigeni zilizoyafanya mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, badala ya wanyama na wawindaji, kuwa kiini cha hadithi. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua, katika njia za kilomita zipatazo 5,000. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba filamu hii imefaulu kusawiri mbio na imeshindwa kusawiri watu, na kwamba kushindwa huko kunatokana na namna ilivyoielewa safari yenyewe.

Mbio

Sifa ya kwanza ya filamu ni mbio zake, na mhakiki mwadilifu hana budi kuikiri. Katika viwanja vya Ulaya gari hushindana na gari jingine. Katika Safari gari hushindana na nchi. Kurahara ameifahamu tofauti hii. Vumbi, tope na mawe vimepewa uzito uleule aliopewa mpinzani, na mtazamaji huhisi kwamba kila kona inaweza kuwa ndiyo mwisho. Hayo hayakutiwa chumvi. Safari ya zamani ilikimbiwa katika barabara za kawaida, mbele ya malori na mifugo. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, na katika miaka yote miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Methali ya Kiswahili isemayo kutangulia si kufika ingeweza kuandikwa juu ya jukwaa la kuanzia.

Wahusika

Lakini filamu ni ya karibu saa tatu, na mbio peke yake haziwezi kuijaza. Hapo ndipo udhaifu unapojitokeza. Mhusika mkuu, Godai, aliyeigizwa na Yujiro Ishihara, anatafuta ushindi, na zaidi ya kuutafuta hana sura nyingine. Yuko, mpenzi wake, anatamani maisha yaliyotulia. Pierre ni rafiki na mpinzani, na Anna ni mke wa Pierre. Kila mmoja amebandikwa sifa moja naye huibeba tangu mwanzo hadi mwisho. Ndio wale ambao wahakiki huwaita wahusika bapa. Hata waigizaji wenye uwezo mkubwa kama Tatsuya Nakadai na Toshiro Mifune wamewekwa upande wa wakuu wa kampuni ya magari, ambako kazi yao kubwa ni kuyapa maamuzi ya biashara heshima ya sauti zao.

Wapo watakaodai kwamba filamu ya aina hii haihitaji wahusika wazito, kwa kuwa mtazamaji amelipa kiingilio ili aone mwendo. Hoja hiyo haina nguvu. Taharuki ni hofu ya kumpoteza mtu fulani, na asiyejulikana hawezi kuogopewa kupotea. Ndiyo sababu mtazamaji hujikuta akilihofia gari kuliko dereva wake. Filamu ya Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotolewa mwaka 2012, inatoa ushahidi wa kinyume. Humo magari ni mali ya kuibwa na kuchopolewa vipuri katika mitaa ya Nairobi. Hakuna mashindano yoyote. Hata hivyo mtazamaji humhofia Mwas kila anapolisogelea gari, kwa kuwa amekwisha kujua alikotoka na anachokitaka.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Safari haikuwa na watu wa kusimuliwa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa gari la Volvo lililokuwa limekwisha kutumika, na akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Wananchi wakamwita Simba wa Kenya. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Waasia kufukuzwa katika nchi hiyo, huku yeye na Harry Källström wakiwa wamelingana kabisa kwa adhabu. Haya ni maisha yenye migongano ya asili, rangi, kazi na uraia. Ingawa ushindi wa miaka ya 1970 ulikuja baada ya filamu, maisha ya aina hii yalikuwapo tayari, nayo filamu iliyapita kandokando ikaenda kuchukua mapenzi yaliyozoeleka.

Kosa hilo lilirudiwa kwa ubaya zaidi katika Safari 3000 ya Harry Hurwitz, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1982. Humo dereva, mpiga picha wa gazeti na mwungwana mwovu wa Ulaya hufukuzana kwa mzaha katika bara lililogeuzwa kuwa pazia la jukwaa.

Neno safari

Jambo hili linawahusu wanafunzi wa lugha pia. Jina la Kijapani la filamu ya Kurahara lina maana ya kilomita 5,000 za kuuendea utukufu. Neno safari limetumika katika jina la kuiuzia nchi nyingine. Mabadiliko hayo si madogo. Katika Kiswahili, safari humhitaji msafiri, na msafiri huwahitaji wenyeji na wenzake wa njiani. Kutoka katikati ya Nairobi, njia ya magharibi hupita Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu, kisha huteremka katika Bonde la Ufa. Watu waliosimama kando yake ndio walioyasukuma magari yaliyokwama, wakaonyesha njia na kuyajua majina ya madereva kwa moyo. Makanika wa Dagoretti Corner na Kawangware wanajua kwamba hakuna gari linalofika kwa dereva peke yake. Katika orodha ya waigizaji wakuu wa filamu hii hamna Mkenya hata mmoja. Neno limeazimwa, lakini uhusiano uliomo ndani yake umeachwa.

Hitimisho

Udhaifu wa wahusika wa Safari 5000 na kutokuwapo kwa wenyeji miongoni mwao ni jambo moja. Godai ni bapa kwa sababu ametengwa na wale ambao angewategemea, na asiyemtegemea mtu hana la kuamua wala la kupoteza ila saa na dakika. Mwaka 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na magari yakaagwa tena katika uwanja wa KICC. Mwandishi wa Kenya atakayeitungia filamu hana haja ya kuwapita Wajapani kwa kasi. Na aanze na makanika mmoja wa Kawangware, usiku wa kuamkia mashindano, akiwa na gari la mtu mwingine mikononi mwake.